Mama Mkwe kwenye Kiti cha Nyuma

Theuri alibadilisha breki za gurudumu zima akaacha bovu, na ukimwuliza leo atakwambia kosa lilikuwa la barabara. Basi niache niseme mimi. Tulikuwa ofisi moja Nyeri, miaka ile ya kwanza ya Uhuru, yeye karani wa ardhi na mimi mpiga chapa. Mke wake Gathoni ni rafiki yangu tangu shule. Sehemu ya habari hii nimeipata kwa mume, sehemu kwa mke, na mahali walipoficha nimejaza mwenyewe, kwa kuwa nawajua wote wawili.

Gari lilikuwa dogo, la kijivu. Aliuziwa na mzungu mmoja wa shamba aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Halikumaliza mwaka kabla ya kuanza kusaga. Ukikanyaga breki, huko nyuma kunalia krrr, kama mtu anayeburuta sufuria kwenye saruji. Theuri hakungoja kujua linalia wapi hasa. Alikwenda mbio kwa fundi Gatimu, akamwambia abadilishe viatu vya breki vya gurudumu la nyuma, upande wa kulia.

"Kwa nini kulia?" Gatimu akauliza.

"Ndiko nasikia."

Bila shaka ndiko alikosikia, dereva hukaa kulia! Gatimu akafungua, akatoa vile vyuma viwili vilivyopinda, vyenye ngozi ngumu ya kusugua dramu ili gari lisimame. Akasema hivi bado viko na maisha marefu. Theuri akasema, wewe weka vipya. Vya zamani akavitia kwenye gunia ndani ya buti, maana kwetu chuma hakitupwi, akaondoka. Kelele ikaendelea kama kwamba hakuna lililofanyika.

Huyo ndiye mtu ambaye, Gathoni alipopata kazi ya ualimu Naro Moru, alimwambia achague: kazi ama nyumba. Nadhani hakufikiri kwamba kuna mwanamke anaweza kuchagua kitu kingine. Gathoni alikunja nguo zake, akachukua vitabu vyake, akaenda Naro Moru.

Hakwenda kwa mama yake kule Wamagana, na hapo ndipo Theuri alipochanganyikiwa kabisa. Mke akikasirika akarudi kwao, mume anaijua njia. Anatafuta wazee wawili wenye maneno mazuri, wanakwenda kwa wakwe, wanaketi, wanaomba, na mke anarudishwa. Lakini mke aliyekwenda kukaa kwenye nyumba ya walimu unamwomba kwa nani? Kwa mwalimu mkuu?

Akakonda. Pale ofisini alikuwa akifungua faili na kulifunga bila kulisoma, anasimama, anakwenda dirishani, anarudi, anauliza saa ngapi. Mimi nilimwonea huruma, na papo hapo nilitaka kumtupia kitu kichwani. Hatimaye akaamua kwenda kwa mama mkwe wake hata hivyo. Bibi Wakonyo alikuwa mjane, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Alimkuta shambani kwake akichuma kahawa.

"Mama," akamwambia, akitazama majani ya kahawa, "nataka Gathoni arudi nyumbani. Nakuomba uende uzungumze naye. Mimi nitakupeleka kwa gari."

Bibi Wakonyo aliendelea kuchuma mpaka kikapu kikajaa. Kisha akasema, "Njoo Jumamosi asubuhi. Niko na mizigo."

Ni hayo tu. Hakusema atamrudisha, hakusema hatamrudisha. Theuri aliyageuza maneno hayo kichwani kila siku mpaka Jumamosi, na kila akiyageuza yanakuja na sura nyingine.

Mizigo ilikuwa mingi kweli. Kulikuwa na gunia la viazi, blanketi mbili, jiko, sufuria, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, na mbao zilizopigwa randa, ambazo zilibidi zipande juu ya gari. Theuri alizipandisha mwenyewe na kuzikaza kwa kamba ya katani. Moyo ulianza kumtulia. Mzazi haendi kupatanisha watu mikono mitupu, akajiambia. Huyu mama yuko upande wangu.

Bibi Wakonyo akaingia kiti cha nyuma, kushoto kabisa, mbali na dereva kadiri gari lilivyoruhusu. Hata kama kiti cha mbele ni kitupu, mama mkwe hakai bega kwa bega na mume wa binti yake. Hamwiti kwa jina. Hali chakula mbele yake ovyo ovyo. Naye mkwe hasimami mbele yake bila shati, hapayuki, halali chini ya kitu chochote huku miguu imetapanyika nje. Mjini watu walikuwa wameanza kuyacheka mambo haya, lakini Theuri aliyashika yote. Kwa hilo namsifu.

Wakateremka kuelekea mtoni, na pale kwenye mteremko breki zikaanza kilio chao. Theuri akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akatamani kumwuliza mama, wewe uko huko nyuma, unasikia linatoka upande gani? Lakini utamwulizaje mama mkwe habari za gari kama vile ni taniboi wa lori? Naye Bibi Wakonyo alikuwa ameketi juu kabisa ya ile kelele, soli za viatu zinamtetemeka, anajua vizuri inatoka wapi. Lakini atasemaje? Mama mkwe hanyoshei kidole kitu kibovu cha mkwe wake. Akakohoa. Theuri naye akakohoa. Adabu ikaketi katikati yao kama abiria wa tatu, na ile ngozi ya breki ikaendelea kulika.

Wakapita Nyeri, wakapita Kiganjo. Theuri alikuwa akibadilisha mkono kwenye usukani, akishusha kioo, akipandisha kioo, akijaribu kukanyaga kidogo, kukanyaga sana. Alipokanyaga kidogo kelele ikaja. Alipokanyaga sana ikaja mara mbili. Baadaye ikaanza kuja hata bila kukanyaga, na harufu ya chuma kilichoungua ikaingia ndani. Mbele yao mtu akatokeza na mkokoteni wa punda. Theuri akakanyaga kwa nguvu zote, gari likavutwa kulia likataka kwenda mtaroni, na punda akawatazama kwa dharau. Wakasimama kwenye majani.

Theuri akatoka. Akazunguka gari, akazunguka tena. Alijua la kufanya, maana alikuwa amemwona Gatimu akifanya. Lakini kulifanya kulitaka avue shati lake jeupe na kulala chali kwenye majani, kifua wazi, mama wa mke wake akiwa pale pale. Barabara haikuwa na mtu mwingine, punda alikuwa amekwenda zake. Akasimama ameshika jeki, hawezi kuinama wala kuiweka chini.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi Wakonyo akashuka, akatembea hadi ukingo wa majani, akaketi chini na kumpa mgongo. Mlima ulikuwa wazi asubuhi hiyo. Akautazama kwa muda.

"Wewe gari," akasema. "Kama uko na shida ya mguu, si ulale utibiwe? Hapa hakuna mtu anakuangalia."

Theuri akaelewa. Akavua koti, akavua shati, akalitundika kwenye mlango. Akachukua spana akaenda, niamini, upande wa kulia. Ubishi wa mtu yule! Alikuwa ameshalegeza nati ya kwanza aliposikia sauti tena.

"Wewe gari, ati unatibiwa mguu mzima? Mimi nimekaa juu ya huo mwingine tangu nyumbani, mpaka meno yanagongana. Na binti yangu aliniambia kitambo kwamba unalia kushoto. Alisema alimwambia mwenye gari, na mwenye gari akasema wanawake hawajui mambo ya gari."

Theuri alikuwa amesema hivyo, na hakusema mara moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nyumbani kwao siku moja akisema, huku Gathoni anamimina chai na kutabasamu lile tabasamu la mtu anayejiwekea akiba ya maneno.

Akaikaza ile nati, akahamia kushoto. Udongo wa huko ulikuwa laini, jeki ikaanza kuzama. Ilihitaji kitu kigumu cha kukalia. Akanyosha mkono juu, akaanza kulegeza kamba ili avute ubao mmoja, mbao zikagongana.

"Wewe gari, hiyo mbao usiikanyage. Ni ya kitanda."

"Kitanda ya nani?"

Lilimtoka moja kwa moja, kwa mama mkwe mwenyewe, bila kupitia kwa gari wala nini. Bibi Wakonyo hakugeuka.

"Gari inauliza kitanda ni ya nani. Ni ya mwalimu. Analala chini kwa saruji, na Naro Moru ni baridi."

Theuri akazitazama zile mbao alizozibeba begani na kuzikaza mwenyewe asubuhi. Za urefu zilikuwa za urefu wa mtu. Za upana zilikuwa fupi. Hapo hakuna nafasi ya watu wawili, hata wakipendana vipi. Akalitazama godoro kupitia kioo, nalo likawa jembamba vile vile, na asubuhi yote hakuliona. Jiko, sufuria, blanketi! Alikuwa akimhamishia mke wake nyumba kwa petroli yake mwenyewe.

Aliniambia kwamba hasira aliyoisikia pale hajawahi kuisikia tena. Alitaka kuzitupa mbao mtaroni, gunia juu yake, ageuze gari. Akashika kamba. Akaiachilia. Akatembea hatua chache barabarani kuelekea Nyeri, kwa miguu, bila shati, kisha akarudi.

"Wewe gari," Theuri akasema hatimaye, yeye naye akisemea gari, na sauti yake haikuwa nzuri, "mimi nilidhani tunaenda kumrudisha."

"Nani alikuambia hivyo? Uliniomba niende nizungumze naye. Nitazungumza naye. Nitamwuliza kama anakula vizuri."

Theuri akaokota jiwe bapa, akaliweka chini ya jeki, akaanza kupiga jeki kwa nguvu isiyohitajika. Gurudumu likatoka. Dramu ikakataa. Akakumbuka kulegeza breki ya mkono, akarudisha ile skrubu ya nyuma inayosukuma viatu, akagonga dramu pembeni kwa spana, huku na huku, mpaka ikaachia na kumwagia unga mweusi kifuani.

Kweli lilikuwa kushoto. Ngozi ilikuwa imekwisha kabisa, vimebaki vile vipini vya shaba vya kuishikilia na chuma kitupu, navyo vilikuwa vimechimba mifereji ndani ya dramu. Kidole kiliingia humo. Ni kazi ya miezi mingi, si ya siku moja.

"Wewe gari," Theuri akauliza, taratibu sasa, bila kuinua macho, "aliondoka akaenda Naro Moru. Kwa nini hakuja kwa mama yake, kama wengine?"

Bibi Wakonyo alikuwa bado anautazama mlima.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akaniambia: mama, nikija kwako, atakuja kukuomba wewe. Atakuja na wazee, wataongea vizuri, na wewe utalainika. Mimi nataka aniombe mimi." Akang'oa jani, akalitafuna. "Na wewe ukaja ukaniomba mimi. Kwa kahawa yangu. Hata jina la huyo mtoto ulilitaja mara moja tu."

Theuri akabaki ameshika chuma kile kilicholika. Aliniambia hakuona hasira tena, aliona uchovu tu, kama mtu aliyekimbia kwenda kinyume. Baadaye akakumbuka gunia. Akafungua buti, akaondoa viazi, akavikuta vile viatu vya breki vya upande wa kulia, vizima, vilivyotolewa bila kosa. Akavijaribu kushoto. Vikaingia. Kuvuta springi ya kuvibana kulimla ngozi ya kidole gumba, akapiga kelele, na Bibi Wakonyo akasema, "Pole, gari."

Akafunga dramu, akakaza skrubu mpaka gurudumu likaanza kugusa, akairudisha kidogo. Akazungusha kwa mkono. Lilivuma kidogo kwa sababu ya ile mifereji, lakini halikusaga. Akavaa shati juu ya unga mweusi, akafungua mlango wa nyuma, akarudi nyuma hatua tatu ili mama apite.

Kutoka hapo hadi Naro Moru gari lilisimama kila lilipoambiwa.

Gathoni alikuwa mlangoni pa nyumba ya mabati, nyuma ya shule. Alimkumbatia mama yake. Kwa Theuri alisema, "Umefika salama?" kama unavyomwuliza mgeni wa mbali, akamletea maji na sabuni, akamtengea kiti. Theuri alishusha mzigo wote. Kitanda alikiunga mwenyewe, ubao kwa ubao, mkewe akimshikia na wote wawili wakitazama misumari. Bibi Wakonyo alimwuliza binti yake kama anakula vizuri. Binti akasema anakula. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote ya upatanisho.

Mama angebaki huko siku chache. Theuri alipotoka kwenda garini, Gathoni akamfuata.

"Hujasema kitu," akamwambia.

"Nilidhani mama atasema."

"Mama ameleta viazi."

Theuri akafungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua. "Jumamosi ijayo naweza kuja?"

"Njia ni ya serikali. Njoo." Kisha akaongeza, na hakuwa anatania, "Lakini hii si nyumba yako, Theuri. Hapa unapiga hodi."

Wiki hiyo ofisini hatukupumua. Alivunja kalamu. Alimjibu mkuu wa ofisi swali ambalo hakuulizwa. Siku ya Alhamisi alisimama mbele ya meza yangu, akaniuliza, "Warigia, mtu anapiga hodi namna gani kwa mke wake?" Nikamwambia, kwa mkono. Akaniangalia vibaya akaenda zake. Nilijuta, kwa sababu sikumwona akiwa na mzaha hata kidogo. Ningemwambia kitu cha maana kama ningekuwa nacho.

Jumamosi akaenda peke yake. Hakuwachukua wazee, hakupita Wamagana. Alisimama mbele ya ule mlango wa mabati, akapiga hodi.

"Nani?" Gathoni akauliza kutoka ndani.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Alitaka kusema, bwana yako. Neno lilifika kooni, na akaona kwamba hilo halifungui mlango wowote hapa. Watoto wawili wa mwalimu wa jirani walikuwa wamekaa kwenye ua, wakimtazama mtu mzima aliyevaa tai akifikiria jina lake.

"Ni Theuri," akasema. "Gathoni, nimekuja kukuomba. Wewe mwenyewe. Kazi yako sitaigusa tena. Naomba unikaribishe."

Wale watoto wakageuka kuutazama mlango.

"Ngoja kwanza," sauti ikasema. "Nasahihisha daftari za watoto."

Akangoja. Upepo wa mlimani ulikuwa baridi na hakuwa na koti. Hakupiga hodi ya pili, hakurudi garini, hakuuliza bado ngapi. Wale watoto walichoka kumtazama wakaenda kucheza.

Gathoni ameniambia kwamba mezani hapakuwa na daftari hata moja. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote huo, mkono kwenye komeo, akilia bila sauti, akisikiliza kama ataondoka.